Betri za kuchomoa za vepu na tochi: namna ya kuzichaji, kuzibeba na kuzitumia salama

Maduka mengi ya vifaa vya simu hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Makorora, siku hizi yana betri za duara zilizo nene kuliko kidole gumba, zimepangwa kando ya chaja na kava za simu. Wengi tunaziita betri za tochi. Vijana wanaovuta vepu, yaani sigara ya umeme, wanaziita kwa namba yake, 18650, na namba hiyo ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Mkubwa wake ni 21700, milimita 21 kwa 70. Zote ni betri za lithiamu, na ndizo zilizomo kwenye tochi ya kichwa ya msaka pweza, kwenye feni ya kuchaji, kwenye spika ya barazani na kwenye vepu.

Mwongozo huu unamlenga kwanza anayetumia vepu, kwa sababu katika vifaa vya mkononi ni vichache vinavyoikamua betri kwa nguvu kama vepu. Mwenye tochi naye asome, mengi yanamhusu. Kama huvuti, usianze. Kama unavuta, au kijana wako wa nyumbani anavuta, basi haya si ya kupitia juujuu.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni hili. Betri ya simu imefungwa ndani pamoja na saketi ndogo inayoilinda: inakata umeme betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha kupita kiasi, au ikipigwa shoti. Betri ya kuchomoa, hasa ya vepu, kwa kawaida haina saketi hiyo. Kampuni kubwa zinazozitengeneza, kama Samsung, LG na Murata (iliyonunua kiwanda cha betri cha Sony mwaka 2017), zimesema waziwazi kwamba seli hizi zimetengenezwa kufungwa ndani ya pakiti yenye ulinzi, wala hazikukusudiwa kubebwa moja moja na mtu wa kawaida. Kwa hiyo ukishaichomoa kwenye kifaa, ulinzi wake ni mkono wako na akili yako.

Watu wengi wanaogopa chaja, na wana haki. Lakini idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mambo ya moto ilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka nchini humo, yaliyoandikwa kwenye vyombo vya habari kati ya 2009 na 2016. Matukio 48 yalitokea wakati wa kuchaji. Yaliyotokea mfukoni, kwa kifaa chenyewe au betri ya akiba, yalikuwa 61. Mfuko wa suruali uliishinda chaja. Ndiyo maana kuchaji nimekuweka katikati ya mwongozo, na mwanzo nimeyaweka yale ambayo watu hawayatazami kabisa.

Hatua ya 1: Ijue betri uliyoshika

Soma maandishi. Betri halali ina jina la mtengenezaji na aina yake, kwa mfano Samsung INR18650-25R, ambayo ni miliampea-saa 2500 na inastahimili ampea 20 mfululizo, au LG HG2 ya kahawia, miliampea-saa 3000. Kwa teknolojia iliyopo madukani, 18650 nyingi nzuri zinaishia karibu 3500 au 3600. Ukiona ganda limeandikwa 6800, 8800 au 9900, huo ni uongo uliochapwa kwa rangi nzuri. Na mtu aliyekudanganya kuhusu ujazo hawezi kuaminika kuhusu chochote kingine kilichomo humo ndani.

Kijana mmoja alinijia kibandani na betri ya 9900, uso umejaa furaha.

"Shikamoo mjomba. Hii kiboko, inajaa kwa saa moja tu."

"Marahaba. Chaja yako inatoa ampea ngapi?"

"Moja."

"Basi kwa saa moja imeingiza kama elfu moja tu. Ingekuwa ni elfu tisa na mia tisa kweli, ungesubiri saa kumi. Imejaa upesi kwa sababu ndani hamna kitu."

Kipimo hicho kila mtu anaweza kukifanya nyumbani kwa saa ya ukutani. Chukua betri iliyoisha kiasi cha kifaa kujizima, ichaji kwa chaja ya ampea 1, uangalie inachukua muda gani. Betri ya kweli ya 3000 inahitaji saa tatu na zaidi, kwa kuwa mwishoni chaja hupunguza kasi. Kipimo cha pili ni uzito. 18650 ya kweli inacheza kwenye gramu 45 hadi 50. Ukiipeleka kwenye mizani ya sonara ikasoma 30, irudishe ulikoinunua.

Angalia pia volti. Nyingi zimeandikwa 3.6 au 3.7, na hizo hujaa kwenye volti 4.2. Lakini taa nyingi za sola zinatumia aina nyingine ya lithiamu, iliyoandikwa 3.2, ambayo hujaa kwenye 3.65. Kwa macho hazina tofauti. Ukiichomoa ya 3.2 kwenye taa ya sola ukaitia kwenye chaja ya kawaida, unailazimisha kupita mwisho wake. Hivyo hivyo kwa betri ndogo ya 14500, ambayo kwa umbo ni sawasawa na betri ya redio ya volti 1.5 lakini yenyewe ni 3.7. Ukiitia kwenye rimoti au saa ya ukutani, umekiua kifaa.

Na betri zilizochomolewa kwenye laptop chakavu? Mafundi wengi wanaziuza kwa bei rahisi. Kwa tochi ya kawaida naweza kuikubali moja, ikiwa ganda lake ni zima na imepimwa. Kwa vepu, hapana. Betri za laptop zilitengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, nyingi hazipaswi kuzidi ampea 5 au zaidi kidogo, na vepu inaweza kudai 15 au 20 kwa mvuto mmoja.

Hatua ya 2: Kagua ganda, hasa upande wa chanya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo ninaloliona likipuuzwa kuliko yote.

Ichukue betri uisimamishe, ncha ya chanya ikiwa juu, mahali penye mwanga. Utaona kifuniko kidogo cha chuma katikati. Kukizunguka kuna kiduara cheupe cha karatasi au plastiki. Nje ya kiduara hicho ganda la nailoni limejikunja juu ya ukingo. Sasa jua kwamba chuma chote kilicho chini ya ile nailoni, kuanzia kitako, kupanda ubavuni, mpaka kwenye ukingo ule wa juu, ni hasi. Chanya ni kile kifuniko cha katikati peke yake. Kati ya chanya na hasi kuna milimita chache tu, na kinachozitenga ni kiduara cha karatasi na nailoni nyembamba.

Nailoni ikichanika ukingoni hapo, kwa kukwaruzwa na chaja au kuangushwa sakafuni, kisha betri ikaingia kwenye kifaa chenye bomba la chuma, chanya na hasi zinaweza kukutana. Hiyo ndiyo shoti, nayo haina swichi wala fyuzi. Betri itamwaga umeme wake wote kwa pamoja, itapata moto ndani ya sekunde, gesi itajaa, na kitakachofuata hakitakupa nafasi ya kufikiri.

Kwa hiyo kila unapoichomoa, izungushe mkononi uitazame. Ikiwa nailoni imechanika, hata kwa ukubwa wa punje ya mchele, acha kuitumia. Kama betri yenyewe ni nzima, fundi anaweza kuivalisha ganda jipya: anaweka kiduara kipya juu, anavisha nailoni, anaibana kwa upepo wa moto wa drai ya nywele. Asitumie kiberiti wala mshumaa. Solotepu ya kufungia bahasha siyo dawa, maana joto la betri linailainisha na inateleza.

Ikiwa betri imebonyea, imevimba, ina kutu kuzunguka kifuniko, au ina unyevunyevu wenye harufu tamu kali kama ya tina ya rangi, usiivalishe chochote. Hiyo imekwisha, nenda mwisho wa mwongozo huu.

Hatua ya 3: Ibebe ndani ya boksi lake

Betri ya akiba haiingii mfukoni ikiwa wazi. Sarafu ya shilingi mia mbili, funguo za pikipiki, kiberiti cha gesi, hata mnyororo wa shingoni uliouvua ukautia mfukoni: chochote cha chuma kikigusa kifuniko cha juu na ukingo kwa pamoja, kimepiga shoti dhidi ya paja lako. Boksi la plastiki la betri mbili ni bei ndogo kuliko betri yenyewe. Ukilikosa leo, ziba ncha zote mbili kwa tepu ya umeme na uibebe peke yake, na ukifika nyumbani itoe.

Vepu yenyewe ikiwa mfukoni au kwenye begi, izime. Aina nyingi huzimwa kwa kubonyeza kitufe mara tano mfululizo. Kitufe kikikandamizwa ukiwa umebanana kwenye daladala, koili, ule waya wa ndani unaopata moto, itawaka bila wewe kujua.

Ukisafiri kwa ndege, tuseme unavuka kwenda Pemba au Unguja, vepu na betri zote zinakwenda nawe kwenye begi la mkononi, kila betri imefunikwa ncha zake. Kwenye mzigo unaopakiwa chini haziruhusiwi, na huruhusiwi kuichaji vepu ndani ya ndege.

Hatua ya 4: Kuchaji

Tumia chaja ya nje yenye kijumba chake kwa kila betri. Betri ukiiona ikichajiwa utajua ikianza kupata moto. Ile iliyofichwa ndani ya kifaa huwezi kuiona. Tochi nyingi zina tundu la kuchajia ubavuni, na kwa betri moja ni sawa, mradi utumie kichwa cha volti 5 chenye ampea alizozitaja mtengenezaji. Kwa vepu ya betri mbili, chaja ya nje ni bora zaidi, kwa kuwa kila betri inajazwa kwa kipimo chake.

Chaja nzuri inafanya kazi kwa awamu mbili. Kwanza inasukuma umeme kwa kiwango kimoja mpaka betri ifike volti 4.2. Kisha inashikilia volti hizo hizo huku umeme ukipungua polepole, na mwisho inakata. Ule mwisho ndio unaotenganisha chaja na kifaa cha kuunguzia nyumba. Kuna chaja za bei ya chini ambazo taa hugeuka kijani lakini umeme unaendelea kupita. Betri za zamani za nikeli zilivumilia jambo hilo kwa kiasi, lithiamu haivumilii.

Ijaribu chaja yako hivi. Taa ikishakuwa kijani, toa betri, iache ipumzike dakika kumi, kisha ipime kwa mita iliyowekwa kwenye volti za DC. Ikisoma 4.15 hadi 4.20, vizuri. Ikifika 4.25, usiiamini tena chaja hiyo. Ikizidi hapo, chaja itupe leo leo. Kama huna mita, fundi yeyote wa redio anayo, na kupima ni kazi ya dakika moja.

Mengine ya kuzingatia:

Chagua ampea 1 kwa 18650, na usizidi 2 kwa 21700. Chaja nyingi zina uwezo wa kwenda juu zaidi, lakini haraka hiyo unailipia kwa joto na kwa maisha ya betri.

Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto iache ipoe kwanza. Mwisho wa joto la kuchajia ni nyuzi 45. Tanga yetu ya kaskazi, kati ya Januari na Machi, hewa yenyewe inafika nyuzi 32 na zaidi kivulini, na chini ya bati ni zaidi ya hapo. Usichajie dirishani penye jua wala juu ya friji. Tafuta mahali penye upepo, kivulini.

Weka chaja juu ya sakafu ya simenti au vigae, au juu ya sinia la udongo. Si kitandani, si kwenye mkeka, si karibu na pazia, na kamwe si chini ya chandarua, maana chandarua cha nailoni kinashika moto na kumdondokea aliyelala.

Jambo jingine ambalo miongozo mingi hailisemi: usichajie kwenye njia ya kutokea. Nyumba zetu nyingi zina ukumbi mmoja kutoka vyumbani hadi mlango wa mbele, na soketi ipo pale pale ukumbini. Moto ukianzia hapo, waliolala vyumbani hawana pa kupita. Nyumba ikiwa imeezekwa makuti, au iko karibu na jiko la makuti, nasema chajia nje ya hapo kabisa, hata kama ni kwa jirani.

Usilale ukiacha betri kwenye chaja. Usitoke kwenda sokoni ukaiacha. Anza kuchaji jioni ukiwa macho, kabla ya kula, na ukienda kulala chomoa hata kama haijajaa. Betri hizi haziumizwi na kuchajiwa nusu. Zinapenda hivyo.

Umeme ukikatika, ichomoe chaja kwenye soketi. Umeme unaporudi huja na msukosuko, na chaja dhaifu ndiyo inayoupokea. Subiri dakika chache, taa za ndani zikitulia urudishe.

Wenye paneli ndogo za sola: usiunge waya kutoka kwenye paneli moja kwa moja hadi kwenye betri. Nimeona hili likifanywa kwenye taa za uvuvi. Jua likiwa kali paneli haijui betri imejaa, itaendelea kusukuma mpaka betri ishindwe. Pitisha kwenye chaja ya lithiamu, hata ile bodi ndogo ya mafundi, ilimradi iwe ya kukata kwenye 4.2.

Na ile tabia ya "kuamsha" betri. Betri ikikaa miezi imeisha kabisa, ikashuka chini ya volti 2, chaja nzuri huikataa. Wapo wanaoichukua betri nyingine nzima, wanaunganisha nyaya chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, wanaisukuma kidogo mpaka chaja ikubali. Chaja ilikuwa na sababu. Kwenye volti za chini hivyo, shaba iliyomo ndani ya betri huanza kuyeyuka, na ukichaji tena inajijenga mahali pasipo pake na kuweza kupiga shoti kwa ndani. Betri ya namna hiyo inaweza kufanya kazi wiki nzima, kisha ikawaka ikiwa imetulia mezani.

Hatua ya 5: Usiidai kuliko inavyoweza

Sehemu hii ni ya vepu peke yake. Mwenye tochi aruke mpaka kwenye aya ya vifaa vya betri mbili.

Kwa vepu isiyo na saketi, ile ya bomba tupu, hesabu ni kugawanya 4.2 kwa ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4. Ya omu 0.2 inavuta 21. Ya omu 0.15 inavuta 28. Betri ya ampea 20 ikiunganishwa na koili ya 0.15 inakimbizwa nje ya uwezo wake kila unapovuta. Binafsi simshauri mtu yeyote kutumia vepu ya bomba tupu, hata mzoefu. Haina kinachokata umeme, na kama bomba halina matundu ya kutolea gesi, betri ikishindwa inageuka baruti usoni pako. Ukiwa nayo, angalia matundu hayo yapo na hayajazibwa na uchafu wala stika.

Kwa vepu yenye saketi, inayochaguliwa wati, hesabu nyingine. Chukua betri ikiwa karibu kuisha, kama volti 3.2, toa asilimia 10 inayopotea njiani, unabaki na 2.9 hivi. Gawanya wati kwa namba hiyo. Wati 40 kwa betri moja ni ampea 14, salama kwa betri ya 20. Wati 75 kwa betri moja ni ampea 26, siyo salama, ingawa kifaa chenyewe kimeandikwa kinafika huko. Kwa betri mbili zinazogawana kazi, gawanya wati kwa mbili kwanza. Kifaa kinasema kinachoweza kuomba. Kinachoweza kutolewa kinategemea betri yenyewe.

Vifaa vya betri mbili vinataka pacha: aina moja, umri mmoja, zilizonunuliwa pamoja, zinazochajiwa pamoja. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito A na B, na kila ukichaji zibadilishe nafasi. Ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu inaisha kwanza, mpya inaendelea kusukuma umeme kupitia kwake mpaka inageuka chanya kuwa hasi. Hapa hata wa tochi arudi asome, kwa kuwa tochi ndefu za betri mbili zina hatari hiyo hiyo, na tochi isiyoingiza maji haiachii gesi itoke pia.

Na kabla ya kufunga kifuniko, hakikisha chanya na hasi zimekaa kama alama inavyoonyesha. Gizani usibahatishe.

Hatua ya 6: Chumvi na jua

Wanaoshuka miambani usiku wa bamvua kutafuta pweza wanajua tochi inavyotumbukia. Maji ya bahari yanapitisha umeme na yanakula chuma. Tochi ikiingia maji, izime, fungua, toa betri, kausha kwa kitambaa, uiache kivulini mpaka siku ya pili. Kisha ikague kifuniko cha juu. Chini yake kuna vitundu vya kutolea gesi, na kutu ikianzia hapo betri hiyo haina safari nyingine. Kikaushe pia kifaa chenyewe kabla ya kurudisha betri nyingine. Kamwe usiichaji ikiwa na unyevu.

Jua nalo: usiache vepu kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo, wala kwenye boksi la pikipiki mchana. Joto la ndani ya gari juani linaweza kupita nyuzi 60, na huo ndio mwisho wa betri nyingi hata bila kutumika. Betri usizotumia zihifadhi zikiwa na nusu ya umeme, kama volti 3.6 hadi 3.7, ndani ya boksi, mahali pa baridi na pasipofikiwa na watoto.

Ikianza kuharibika

Dalili ni joto la ghafla usiloweza kulishika, sauti ya kufoka, harufu ile tamu, au moshi mweupe. Ikiwa mfukoni, ivue suruali. Usitie mkono kuitoa, utaacha ngozi yako humo. Ikiwa kwenye chaja, zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia bila kuipita betri, kisha toa watu nje. Moshi wake una gesi ya sumu, usiuvute wala usirudi ndani kuokoa vitu.

Kama ni ndogo na iko nje, imwagie maji mengi, ndoo kwa ndoo. Watu wanaogopa maji kwa sababu ya neno lithiamu, lakini kwa betri hizi maji ndiyo yanayopoza, na kupoza ndiko kunakozuia isiwake tena. Mchanga unafunika moto usisambae ila hauondoi joto, kwa hiyo usidhani imekwisha ukaishika. Iache nje masaa kadhaa. Ikiwa moto umeshika kitu kingine ndani ya nyumba, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, simu ni bure.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila asali, bila mafuta ya nazi. Kisha hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu, na mwambieni daktari kuwa ni betri ya lithiamu, kwa kuwa kemikali yake inaweza kuendelea kula ngozi. Macho yakiingiwa, yaoshwe njia nzima mpaka mnafika.

Betri iliyokwisha

Isitupwe kwenye shimo la taka la uani. Tunachoma taka jioni, na betri ya lithiamu ndani ya moto hulipuka na kurusha vipande vya moto kwa waliosimama kando, ambao mara nyingi ni watoto. Isitupwe pwani pia.

Usiiloweke kwenye maji ya chumvi ili iishe, kama wanavyoelekezana mitandaoni. Chumvi inakula ncha zake kabla umeme haujaisha, na unabaki na betri inayovuja na bado ina nguvu. Imalize kwa kuiacha kwenye tochi ikiwaka mpaka ijizime yenyewe, kama ganda bado ni zima. Iliyovimba au kuchanika usiitie kwenye kifaa tena. Ziba ncha zote mbili kwa tepu ya umeme, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, palipo na kivuli. Zikifika chache, mpelekee fundi au muuzaji anayekusanya vyuma na vifaa chakavu vya umeme, na kabla ya kumkabidhi muulize anazipeleka wapi. Akikuambia anazichoma kupata shaba, ondoka nazo utafute mwingine.